Kijana wa futiboli ya Marekani anapochagua chuo: ni yeye anayechagua, au ni familia yake?

Mjomba wa Columbus (mleta uzi)

Habari za jioni, wakuu. Nina mpwa wangu wa miaka 17, mtoto wa dada yangu, anayecheza futiboli ya Marekani katika shule ya sekondari hapa Ohio, nafasi ya mlinzi wa mstari wa mbele. Vyuo viwili vimemwahidi ufadhili kamili wa masomo. Kimoja kiko mwendo wa dakika 40 kwa gari kutoka nyumbani. Kingine kiko jimbo la mbali, safari ya kubadilisha ndege. Kusaini ni Desemba, na nyumbani kwa dada siku hizi hakuna mlo unaoisha bila mjadala huo kuletwa mezani.

Nimeufuatilia mchezo huu tangu nilipofika nchi hii, na msimamo wangu ni kwamba familia ndiyo inayochagua, kijana anatia saini tu. Mfano mzuri ni Landon Collins wa Louisiana, mwaka 2012. Alitangaza mbele ya kamera kwamba anakwenda Chuo Kikuu cha Alabama, na mama yake aliyekuwa akiitaka LSU, chuo kikuu cha jimbo lao la Louisiana, akakataa kusaini karatasi, akaondoka nayo. Naomba michango yenu, hasa ya wazazi waliokwisha kuyapitia haya.

Shabiki wa Jumamosi

Mkuu, uzi mzuri, ila umewachanganya Collins wawili ambao hata udugu hawana.

Landon Collins alitangaza Januari 2012, katika mchezo wa vijana nyota uliorushwa na televisheni, siku chache tu kabla LSU na Alabama hazijakutana New Orleans kugombea ubingwa wa taifa (Alabama ilishinda 21 kwa 0). Mama yake alikuwa ameketi kando yake. Alipotaja Alabama, mama akatikisa kichwa, na alipoulizwa na mtangazaji akasema wazi kwamba kwa maoni yake LSU ndipo mahali bora kwa mwanawe. Hakuchukua karatasi yoyote.

Aliyechukua karatasi ni mama wa Alex Collins, Februari 2013, kule Florida. Kijana alichagua Arkansas, mama akitaka Miami. Siku ya kusaini watu wamekusanyika shuleni, karatasi haipo, mama hayupo. Kesho yake Alex alisaini, na saini ya mzazi ikawa ya baba.

Na matokeo yenyewe yanaudhoofisha msimamo wako, kwa sababu vijana wote wawili walikwenda walikotaka.

Mwanasheria wa Mtaani

Naongezea kuhusu saini, kwa kuwa watu wengi hawajui ilitoka wapi. Barua ya ahadi ya taifa, ile waliyosaini wachezaji kwa miaka mingi, ilidai saini ya mzazi au mlezi halali kama mchezaji hajatimiza miaka 21. Kwa hiyo kijana wa miaka 18, ambaye kwa sheria za nchi anaruhusiwa kupiga kura na kujiunga na jeshi, hakuweza kujifunga na chuo bila mkono wa mzazi. Barua hiyo imefutwa tangu Oktoba 2024 na nafasi yake imechukuliwa na mikataba ya ufadhili.

Msidhani kwamba mzazi ameondolewa mezani. Mkataba wa mtu asiyetimiza miaka 18 ni rahisi kuuvunja mahakamani, na kila anayelipa fedha anataka mkono wa mzazi uwepo. Mpwa wako ana miaka 17, ndugu mleta uzi, kwa hiyo dada yako bado anashika kalamu.

Mama wa Minnesota

Nimesoma michango mitatu na yote inamzungumzia mama kama mlango uliofungwa. Naomba niseme jambo kama mama.

Mwanangu alikwenda chuo kilicho mwendo wa saa tisa kwa gari kutoka kwetu. Sikumkataza. Msimu wake wa pili, mwezi wa Novemba, alivunjika mguu mazoezini siku ya Jumatano. Nilipigiwa simu na mwenzake wa chumbani, si na kocha wala na mtu yeyote wa chuo. Niliendesha gari usiku kucha kwenye theluji, nikafika asubuhi, nikamkuta kitandani, mguu mmoja umefungwa na mwingine bado umevaa soksi ya mazoezi yenye matope yaliyokwisha kukauka. Hakuna aliyekuwa amefikiria kumvua ile soksi. Niliivua mimi, nikaiosha katika sinki la hospitali.

Kwa hiyo mnapomwona mama wa Alex Collins akiondoka na karatasi, kumbukeni kwamba Miami ilikuwa jirani na kwao, na Arkansas iko zaidi ya kilomita 1,500. Mama hapimi ubora wa timu. Anapima saa ambazo zitapita kabla hajamfikia mtoto wake.

Shabiki wa Jumamosi

Pole sana, mama. Sikulitazama jambo hili kwa upande huo.

Kipanga wa Dallas

Nakubaliana na mleta uzi, ila kwa sababu tofauti: urithi. Familia huchagua muda mrefu kabla ya siku ya kusaini, kwa mazungumzo ya nyumbani, kwa picha zilizotundikwa ukutani na jezi zilizohifadhiwa kabatini.

Tazameni ukoo wa Manning. Archie Manning alikuwa kotabeki, yaani mrusha mipira anayeongoza mashambulizi, wa Chuo Kikuu cha Mississippi, kile ambacho watu hukiita Ole Miss, na mpaka leo kikomo cha mwendo wa magari ndani ya eneo la chuo ni maili 18 kwa saa kwa heshima ya namba yake ya jezi. Mtoto wa kwanza, Cooper, alikwenda Ole Miss. Wa mwisho, Eli, alikwenda Ole Miss. Hiyo haiwezi kuwa bahati tu.

Mwalimu Mstaafu

Ndugu Kipanga, umemruka mtoto wa kati, na ndiye mwenye somo kubwa kuliko wote. Peyton alichagua Tennessee mwaka 1994, na mashabiki wa Mississippi walimkasirikia baba yake kana kwamba ameuza shamba la ukoo. Archie alikuwa na kila sababu ya kumshurutisha mwanawe, naye akamwachia.

Tena hata Eli simkubali kuwa ushahidi wa urithi. Kocha wa Ole Miss wakati Eli anasaini mwaka 1999 alikuwa David Cutcliffe, mtu aliyekuwa amemfundisha Peyton kule Tennessee. Je, Eli alifuata chuo cha baba, au alimfuata mwalimu wa kaka yake? Mimi nasema alimfuata mwalimu. Na kizazi cha tatu, Arch, mtoto wa Cooper, mwezi Juni 2022 alichagua Texas, chuo ambacho babu yake, baba yake na baba zake wadogo hawakupata kukichezea.

Mfano mwingine ni familia ya McCaffrey. Baba, Ed, alicheza futiboli Stanford, na mama alicheza soka chuoni hapohapo. Wana wana wanne wa kiume. Christian alikwenda Stanford. Max alikwenda Duke, Dylan Michigan, Luke Nebraska. Picha zilezile ukutani, chakula kilekile mezani, vyuo vinne. Kama urithi ndio unaochagua, basi ulifanya kazi mara moja katika nne.

Kipanga wa Dallas

Heshima kwako, Mwalimu. Lakini tusisahau kwamba Cooper hakucheza Ole Miss hata mchezo mmoja. Akiwa na miaka 18 aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa mfereji wa uti wa mgongo kuwa mwembamba, na mchezo ukaisha hapo. Alikuwa mpokeaji, na Peyton ndiye aliyemrushia mipira walipokuwa shule moja New Orleans. Namba 18 aliyoivaa Peyton miaka yote katika ligi kuu ya NFL ilikuwa namba ya Cooper. Kama mgongo wa kaka ungekuwa mzima, nina imani Peyton angemfuata Mississippi ili waendelee kucheza pamoja. Kwa hiyo hata katika kuondoka kwake ninauona mkono wa familia.

Na kuhusu Dylan McCaffrey, baada ya Michigan alihamia Northern Colorado. Kocha mkuu pale alikuwa nani? Baba yake. Mto ulizunguka, lakini baharini ulifika.

Mwalimu Mstaafu

Hapo kwa Dylan umenipata. Kwa Peyton bado, maana "angemfuata" si ushahidi.

Pwani Tulivu

Salaam kutoka Mombasa. Naomba kuelimishwa: vijana hawa wanalipwa? Kwa sababu kama wanalipwa, naona mjadala wote wa mama na baba ni mapambo, na fedha ndiyo inayosema.

Mkereketwa

Karibu. Tangu tarehe 1 Julai 2021 wachezaji wa vyuo wanaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya jina na sura yao, na tangu mwaka 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwagawia wachezaji sehemu ya mapato moja kwa moja. Kabla ya hapo ilikuwa ufadhili wa masomo tu, na aliyepokea zaidi alikuwa na kosa.

Ndiyo maana naliunga mkono wazo lako. Mwaka 2010 Cam Newton, kotabeki wa Auburn, alisimamishwa kisha akarudishwa siku iliyofuata, baada ya chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kubaini kwamba baba yake alikuwa amejaribu kupata fedha kutoka chuo kingine, Mississippi State, ili mwanawe aende huko. Chama kilisema hakikuona ushahidi kwamba kijana mwenyewe alijua. Msimu huo akachukua tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo, na ubingwa wa taifa. Lililokuwa kosa la baba mwaka 2010, leo lina mawakala, mikataba na kikao rasmi.

Chukueni na Bryce Underwood, kotabeki wa Belleville, Michigan. Alikuwa ameiahidi LSU, na Novemba 2024 akageukia Michigan, chuo kilicho jirani na kwao. Wengine wanasema ni nyumbani, wengine wanasema ni fedha. Kwa mtazamo wangu, fedha zikifika mezani, familia inapata lugha nzuri ya kuzieleza.

Mama wa Minnesota

Mkereketwa, hapo umekosea, na nakuambia kwa upole. Fedha zinaweza kuongezwa kokote. Ukaribu na nyumbani, LSU haiwezi kuunyanyua kutoka Michigan na kuupeleka Louisiana.

Nyota ya Kasulu

Wakuu, mimi nina kisa kinachogusa hoja ya mwanasheria wetu hapo juu.

Sisi ni Wabembe wa Fizi, Kongo. Tulikaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kasulu, mkoani Kigoma, miaka mingi, kisha baadhi yetu tukaletwa Marekani. Mdogo wangu aliletwa na shangazi, na kwa karatasi za hapa shangazi ndiye mlezi halali. Mama alibaki kambini. Kijana alipokua akawa mrefu na mwepesi, walimu wakamtoa kwenye soka wakamtia kwenye futiboli ya hapa, na alipofika mwaka wa mwisho chuo kimoja kidogo kikamwita.

Karatasi ilihitaji saini ya mlezi. Shangazi alikataa kuigusa mpaka mama aseme. Basi tukakaa sebuleni saa mbili usiku, ambayo Kigoma ni saa kumi alfajiri, simu imewekwa juu ya kopo la maziwa ili sote tuonekane. Mtandao unakatika, unarudi. Mama hakuwa amewahi kuuona mchezo huo. Alimwambia mdogo wangu asimame, ageuke, atembee mpaka mlangoni na kurudi, akitaka kuona kama anachechemea. Kisha akauliza kama chuo hicho kina watu wa kanisa letu karibu. Tukasema kipo kikundi. Akasema, "Shangazi yako atie saini kwa mkono wangu."

Sheria iliona saini ya shangazi. Kocha aliamini amemshawishi shangazi, maana alikuja nyumbani mara mbili na alikula ugali na sombe bila kusita. Aliyechagua ni mtu ambaye kocha hakuwahi kujua jina lake.

Mwanasheria wa Mtaani

Nimesoma kisa hiki mara mbili. Ahsante, ndugu. Sheria ina neno "mlezi" tu, haina neno la jambo hilo.

Msafiri wa Jangwani

Nyota ya Kasulu amemtaja kocha, na ninadhani hapo ndipo kiini kilipo. Makocha hawasajili kijana, wanasajili nyumba. Wanajua nani ana neno la mwisho kabla hawajabisha hodi, na kama ni bibi, wataketi na bibi. Kwa hiyo tunachokiita ushawishi wa familia mara nyingi ni ushawishi wa kocha uliopitia kwa familia.

Na hatari yake ni kwamba kocha huondoka. Novemba 2021 Lincoln Riley alitoka Oklahoma kwenda USC, chuo cha California, na siku hizohizo Brian Kelly akatoka Notre Dame kwenda LSU. Wazazi waliokuwa wamewapa makocha hao watoto wao walijikuta wamebaki na majengo. Caleb Williams alimfuata Riley mpaka California. Lakini si kila kijana anaitwa afuate.

Njia pekee ya kuikwepa hatari hiyo ni kocha awe baba mwenyewe. Shedeur Sanders alikuwa ameahidi kwenda Florida Atlantic, baba yake Deion alipopewa timu ya Jackson State mwaka 2020 akageuka kwenda huko, na baba alipohamia Colorado naye akahamia. Hapo swali la mleta uzi linakosa maana, kwa sababu familia na chuo vimekuwa kitu kimoja.

Shabiki wa Jumamosi

Hata hivyo alichaguliwa raundi ya tano katika usajili wa NFL mwaka 2025, wakati wengi walitarajia mapema zaidi. Baba mlangoni hakufungua kila mlango.

Msafiri wa Jangwani

Hilo ni la NFL, mkuu. Tunazungumzia kuchagua chuo.

Dada wa Honolulu

Mmewasahau watu wa visiwa. Nimeishi Hawaii miaka sita na huku hadithi inayosimuliwa ni ya Tua Tagovailoa, kijana wa Kisamoa wa Ewa Beach. Alichagua Alabama, mbali kuliko safari zote mlizozitaja, na mwaka 2017 familia ikafungasha virago, wazazi na wadogo zake, ikahamia mji wa Alabaster, Alabama. Mdogo wake Taulia akamalizia sekondari hukohuko, na baadaye akaingia Alabama kabla ya kuhamia Maryland.

Kwa hiyo swali la mama wa Minnesota kuhusu umbali lina jibu la tatu. Kijana hakubaki, wala hakuondoka. Nyumba ndiyo iliyoondoka. Ninajua si kila mtu anaweza kuacha kazi na ndugu namna hiyo, lakini kwa watu wa huku jambo hili halikuonekana la ajabu hata kidogo.

Mama wa Minnesota

Ningeweza, ningefanya hivyo.

Mwalimu Mstaafu

Ninarudi kwa Alex Collins, maana sijapenda tulivyompita. Yule kijana, ambaye siku yake ya kusaini iligeuka habari ya taifa zima, alikimbia zaidi ya yadi 1,000 katika kila msimu wa misimu yake mitatu Arkansas. Alifariki kwa ajali ya pikipiki Agosti 2023, akiwa na miaka 28. Nilipozisoma taarifa za msiba, nyingi zilitaja tena kisa cha karatasi. Naona si haki, kwake wala kwa mama yake. Kuna kijana mwingine, Jacob Copeland wa Pensacola, aliyechagua Florida mwaka 2018, na mama yake, aliyekuwa amevaa vazi la Alabama na kofia ya Tennessee, akainuka akaondoka mezani. Kamera zilimfuata. Wachache wanakumbuka kwamba alirudi baadaye kidogo akamkumbatia mwanawe. Televisheni hupenda mama anayeinuka.

Shabiki wa Jumamosi

Kweli tupu, Mwalimu.

Sasa nina swali kwa mleta uzi. Umetuletea mama, umetuletea kijana, umetuletea vyuo viwili. Wewe ni mjomba, na mjomba kwetu si mtu wa pembeni. Wewe unataka chuo kipi? Maana umekaa kimya kama mshenga.

Mjomba wa Columbus (mleta uzi)

Wakuu, nawashukuru, na kosa langu kuhusu Collins wawili nimelipokea.

Nitajibu kwa ukweli. Ninataka kile cha karibu, na sababu yangu si nzuri kama zenu: nataka kwenda uwanjani kila Jumamosi. Dada anataka cha karibu kwa sababu alizozitaja mama wa Minnesota, na nimemsomea mchango wake, akanyamaza muda mrefu. Shemeji anataka cha mbali kwa sababu kocha wake alikuja nyumbani na akajibu maswali yote bila kukwepa, ingawa baada ya mchango wa Msafiri nimemwambia aulize mkataba wa kocha huyo unaisha lini.

Jana nilikuwa namrudisha mpwa wangu kutoka mazoezini. Nilimwuliza moja kwa moja. Hakunijibu nilichomwuliza. Alitazama nje kidogo, kisha akaniuliza kama gari la mama yake lina matairi ya theluji. Nikamwambia hapana. Akasema zile dakika 40 zinapita barabara kuu inayofungwafungwa mwezi wa kumi na mbili, na mama atataka kuja kila mchezo, hata akikatazwa. Kisha akaongeza sauti ya redio.

Nimefikiri usiku kucha na sijui niliweke wapi jambo hilo katika hoja yangu ya mwanzo. Sijui kama ni familia inayochagua hapo, au ni kijana anayeichagulia familia.

Jumamosi tunakwenda kukitembelea kile cha mbali. Chuo kinagharimia tiketi za watu wawili wa familia. Ya kwanza ni ya dada. Ya pili nilikuwa nimejihesabia mimi, lakini tumempa bibi. Ameomba aandikiwe jina la kocha kwenye karatasi kwa herufi kubwa, asilikosee atakapomwuliza swali lake, na swali lenyewe amekataa kutuambia.